Maisha ya Nola Haddrick, Aliyetundika Nguo Kwenye Dohani za Wirrabool

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi nyote mliopanda mlima huu kwa baridi ya leo, Ijumaa tarehe 21 Juni 2024, familia ya Haddrick inawashukuru kwa kuja, na mimi Kerensa, mke wa Rohan na mkwe wa marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea habari za maisha yake. Nitasoma kama nilivyoandika, na wale wa nyuma mniwie radhi sauti yangu ikiwa ndogo.

Marehemu Nola Merrin Tregear alizaliwa tarehe 11 Mei 1951 mjini Orbost, jimbo la Victoria, akiwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Alby Tregear, mpasua mbao, na marehemu Ivy, aliyekuwa mchuma maharage katika mashamba ya kando ya mto, na ndugu zake wote wawili wametangulia. Alipokuwa na miaka minne familia ilihamia hapa Wirrabool, kwenye nyumba za kiwanda cha mbao, na mama yake alikuwa akisimulia kwamba Nola alichelewa kusema lakini hakuchelewa kusikia, maana alikuwa akikaa kimya ameweka sikio ukutani, na baba yake alipobandua ubao siku moja kumwonyesha kwamba hakuna kitu, walimkuta mtoto wa posamu, mnyama mdogo wa mitini, amenasa humo, yu hai bado.

Alianza masomo mwaka 1956 katika shule ya msingi ya Wirrabool, iliyokuwa na chumba kimoja na mwalimu mmoja, akamaliza mwaka 1962, kisha akaendelea na sekondari mjini Orbost hadi Desemba 1966, alipoacha ili asaidie nyumbani, kwa kuwa msumeno wa kiwandani ulikuwa umemkata baba yake vidole. Mwezi Februari 1967 aliajiriwa kuunganisha simu katika posta yetu, kazi aliyoifanya hadi mitambo mipya ilipofika mwaka 1979, na kwa miaka ile yote alijua sauti ya kila mtu wa bonde hili, hata akaweza kusema ni nani anayepiga kabla mtu hajataja jina, na nani amelia kabla ya kupiga.

Kuanzia mwaka 1980 hadi alipostaafu mwaka 2014 aliendesha basi la shule, na wengi mlioketi hapa mlipanda basi hilo. Mwaka 1983 alipata kibali cha kulea wanyama wa porini walioumia na walioachwa yatima, na tangu hapo basi lake likajulikana kwa kusimama mahali pasipo na kituo, kwa sababu kila alipomwona kangaruu jike aliyegongwa na gari alishuka, akapiga magoti kando ya barabara na kuingiza mkono katika mfuko wa yule mama, kuangalia kama mtoto angali hai, huku watoto wa shule wakipiga kelele madirishani, "Bibi Nola, tutachelewa hesabu!", naye akiwajibu bila kugeuka, "Hesabu itawangoja, huyu hangoji."

Tarehe 17 Machi 1973 marehemu alifunga ndoa na Desmond Haddrick, fundi wa kujenga uzio, katika kanisa la mbao la hapa Wirrabool, na ndoa hiyo ilijaliwa watoto wawili, Jillian, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1975 na sasa anaishi Darwin, na Rohan, aliyezaliwa tarehe 23 Novemba 1987, pamoja na wajukuu watano. Nyumba yao ilikuwa na foronya zilizotundikwa migongoni mwa viti, na ndani ya kila foronya mtoto wa kangaruu au wa wombati, yule mnyama mnene mchimba mashimo, amejikunja, na Baba Des alipenda kuwalalamikia wageni, "Nyumba hii mwenye mfuko ndiye hulishwa kwanza, na mimi Mungu hakunipa mfuko," naye Mama akimjibu, "Amekupa miguu, jiko liko pale."

Baba Des naye alikuwa na mnyama wake mmoja tu, mbwa wa kuchunga ng'ombe aitwaye Moss, aliyemchukua angali mtoto mwaka ule Mama alipostaafu, na mbwa huyo alikuwa wa Des peke yake, sisi wengine tulikuwa watu wanaoishi naye tu. Jioni Baba alisimama kwenye ngazi ya nyuma akamwita kwa maneno yaleyale, "Moss! Njoo, mjinga wangu, njoo!", na bonde zima lilijua kwamba jua limezama kwa akina Haddrick.

Jumatatu tarehe 30 Desemba 2019 moto ulishuka kutoka milimani. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza, Elowen, nami ndiye niliyekuwa nimekaa kiti cha mbele cha gari la Mama, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Tulikuwa na mifuko kumi na moja ya watoto wa wanyama kwenye kiti cha nyuma, na Baba Des, aliyekuwa amelowa jasho kwa kubeba mabomba ya maji tangu alfajiri, alivua shati lake akawafunika nalo ili cheche zisiwaangukie, akamwambia Mama, "Wewe nenda na hao watoto wako, mimi na Moss tutaimwagia nyumba maji, kesho tutakunywa chai hapahapa." Mama akamwambia, "Des, usijifanye kijana," naye akagonga paa la gari kwa kiganja na kusema, "Nilikuwa kijana lini? Nenda, mke wangu, wanapata joto hao."

Baba Des alikutwa kesho yake kando ya pampu, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na nyumba haikubaki ila dohani ya matofali ya kutolea moshi na ngazi ya nyuma. Wazima moto waliomkuta walisema kwamba mbwa alikuwa akiizunguka pampu ile, miguu imeungua, na kila walipomkaribia alikimbilia mlimani, na walipoondoka alirudi.

Tuliishi katika ukumbi huu wa kijiji, ule wa zamani kabla haujajengwa upya, na Mama hakuwa amemaliza hata wiki ya ujane alipoanza kuwafundisha watu. Aliwaambia wasirudi na mbwa wao kwenye viwanja vilivyoungua, kwa sababu chini ya majivu yaliyopoa juu kuna mizizi inayoendelea kuwaka, na mguu ukizama humo hautoki na ngozi yake, aliwaonyesha jinsi ya kufunga nyayo za paka zilizochubuka, aliwakataza kuwapa yatima wa porini maziwa ya ng'ombe, kumfukuza mnyama aliyeungua wakidhani wanamsaidia, na kuweka ndoo ya maji bila jiwe ndani yake, maana kiumbe mdogo huingia kunywa asiweze kupanda kutoka. Mzee Clarrie Bunt alimwuliza kwa mzaha, "Nola, na sisi wenye miguu miwili tufanyeje?", Mama akamwambia, "Wewe kaa mahali penye joto na giza, usiongee, utapona."

Lililowashangaza wageni zaidi ni nguo. Mama alijua kwamba paka au mbwa aliyenusurika hujificha karibu, tena kwa muda mrefu, na kwamba harufu yote aliyoijua imeteketea, kwa hiyo alimwambia kila aliyepoteza mnyama wake alete nguo aliyoivaa, isiyofuliwa, aitundike kwenye dohani ya nyumba yake, mahali ambapo upepo utaichukua harufu na kuipeleka porini, na chini yake aweke mtego wa kisanduku na kipande cha samaki. Hivyo mwezi ule wote wa Januari, kuanzia darajani hadi makaburini, dohani zilisimama peke yake katika majivu zikiwa zimevaa magauni ya kulalia, fulana na makoti, na mikono ya nguo hizo iliinuka na kushuka kwa upepo, na madereva wa malori ya misaada walikuja ukumbini wakisema, "Kule juu kuna watu wanatupungia mikono, mbona hamwendi kuwachukua?"

Wanyama walirudi, mmoja mmoja, kwa nguo hizo. Lakini dohani ya Mama ilikaa tupu, kwa sababu lile shati la Baba Des lilikuwa ndicho kitu pekee kilichobaki chenye harufu yake, nasi tulimwona akilifunua kidogo ndani ya gari, akiinamisha uso, na kulifunika tena. Tarehe 15 Januari, siku ya Jumatano, tulimzika Baba, na Mama aliporudi kutoka makaburini aliniambia, "Nitalitundika kesho. Des angetaka Moss arudi kuliko mimi nilale na shati."

Kesho yake shati halikuwepo garini. Bi Fay Lindquist, jirani yetu, ambaye ameniomba mwenyewe nilisome jambo hili na nisilifiche, alikuwa amechukua nguo zote zenye moshi zilizokuwa ndani ya magari, kama alivyofanya kwa kila familia, akazifua kwa mikono yake mwenyewe, na alimjia Mama na shati limenyooshwa kwa pasi na kukunjwa, akasema, "Mwenzangu, nimehangaika nalo, lakini limetoka, utadhani jipya." Mama alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Asante, Fay," kisha akaenda kukaa katika ngazi za ukumbi, shati magotini, hadi ilipofika saa ya kuwalisha watoto. Bi Fay alikuja kujua baadaye kwa watu wengine, akaja analia, Mama akamwambia, "Fay, tangu moto uwake hakuna aliyenitendea jema kwa bidii kama wewe, sasa nyamaza."

Katika siku hizohizo Ewan Prowse, mlinzi wa msitu huu, alimjia Mama kwa shauri lingine. Lile korongo la juu, ambalo kwa bahati moto uliliruka, lilikuwa na potoru wachache waliobaki, wale wanyama wadogo wanaorukaruka kama kangaruu na kuchimbua uyoga ardhini, na mahali pengine pote tunapopafahamu walikuwa wamekwisha, na sasa mbweha na mbwa na paka waliopotea, kwa kukosa maficho na chakula kwingine, walikuwa wakiingia humo kuwawinda. Ewan alisema wakubwa wake wako tayari kudondosha nyama yenye sumu kutoka kwenye ndege kuzunguka korongo lote, lakini wamemtaka aliyewajua potoru hao miaka mingi aseme kama ipo haja. Mama alisema ipo. Aliomba tu watu wapewe muda wa kuwakamata wanyama wao wa nyumbani, wakapewa hadi Jumamosi tarehe 8 Februari 2020, na kijiji kikafanya bidii, dohani zikavuliwa nguo moja baada ya nyingine, mpaka mnyama wa nyumbani aliyejulikana kuwa nje akabaki mmoja, naye alikuwa Moss.

Ijumaa tarehe 7 Februari, alasiri, Mama alimwomba Rohan akamwite. Mnaomfahamu mume wangu mnajua kwamba sauti yake ni ya baba yake, si kwamba inafanana, ni ileile, hata Mama, aliyeketi miaka kumi na miwili akisikiliza sauti za watu, alikuwa akichanganyikiwa wakimwita kutoka chumba kingine. Rohan alisimama kwenye ngazi ya nyuma isiyo na nyumba, Mama na mimi tukakaa kando ya dohani, naye akaita kama baba yake alivyokuwa akiita, "Moss! Njoo, mjinga wangu, njoo!", na sauti ikaenda ikagonga mlima mweusi usio na jani wala ndege, ikarudi. Huku chini Mzee Clarrie, aliyekuwa akigongomea bati, aliweka nyundo, akamwambia mkewe, "Huyo ni Des." Mkewe akamwambia, "Clarrie, Des tulimzika." Akasema, "Najua tulipomzika, nilichimba. Nakwambia huyo ni Des."

Moss alitoka katikati ya magogo, akichechemea, mkia unatikisika chini kwa chini kama wa mbwa anayeomba radhi kwa kuchelewa, akashuka hadi kwenye nguzo za uzio zilizoungua, na tulimwona mbavu zake. Rohan akaita tena, taratibu. Upepo ulikuwa unatoka kwetu kwenda kwake. Mbwa akainua pua, akanusa, mkia ukasimama, akamtazama Rohan, kisha akatazama nyuma ya Rohan kama mtu anayetafuta ni nani aliyesema, akapeleka macho mahali pampu ilipokuwa, akageuka, akapanda mlima bila haraka. Rohan aliita mpaka sauti ikakatika, na Mama akamshika mkono akamwambia, "Inatosha, mwanangu. Umemwita vizuri mno."

Tangu siku hiyo Rohan hajapaza sauti nje ya nyumba. Watoto wetu wakiwa mbali yeye hawaiti, huwaendea, hata kukiwa na mvua, na ndiyo maana leo ninayesoma ni mimi, kwa kuwa alisema hataki sauti ile isikike juu ya jeneza la Mama.

Jioni ya siku hiyohiyo Ewan alikuja hapa ukumbini akasimama mlangoni, akasema, "Mama Nola, nikiomba wiki moja zaidi watanipa. Sema tu." Mama alikuwa na chupa ya maziwa mkononi, akamwuliza, "Asubuhi umeona nyayo za wangapi korongoni?" Ewan akasema, "Jumatatu zilikuwa za watano. Leo za watatu." Mama akaangalia chupa, akasema, "Basi usiniulize tena." Ndege ilipita kesho yake asubuhi, na Mama alisimama uani, akiwa ameinua uso, hadi mlio wake ulipokwisha, ndipo akaingia kuwalisha watoto.

Tarehe 19 Aprili 2020 Ewan alimkuta Moss kando ya kijito, akamleta amemfunga katika koti lake mwenyewe, akambeba kwa miguu kutoka juu kwa sababu barabara ilikuwa bado imefungwa, na tukamzika kwenye uzio wa makaburi, upande alipolala Baba. Mama alimwambia Ewan, "Asante kwa kumleta," wala hakumkaribisha ndani, na baada ya siku hiyo walifanya kazi pamoja miaka minne, wakahesabu nyayo na kupanda miti, lakini mazungumzo yao yote yalikuwa getini.

Sasa niseme lile ambalo wote mnalijua na hatulisemi. Mbwa amelia juu ya mlima ule baada ya Moss kuzikwa, jua likizama, mbwa mmoja, na amesikiwa na Bi Fay, na Mzee Clarrie kabla hajafariki, na mafundi waliotujengea nyumba ambao hawakuwa wakijua habari hizi, na mimi. Kila alipolia Mama aliacha kumenya viazi, kisu kimesimama katika kiazi alichokuwa nacho, akangoja mpaka amalize, kisha akaendelea. Wageni wakimwuliza alisema ni upepo. Elowen alipokuwa na miaka mitatu alimwuliza, "Bibi, huyo mbwa ni wa nani?", na Mama hakumwambia ni upepo, alimwambia, "Ni wa babu yako."

Mwezi Oktoba 2021 Ewan alileta getini picha iliyopigwa na kamera ya korongoni, ya potoru jike mwenye mfuko uliojaa. Mama aliitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mzuri," akamrudishia.

Marehemu alianza kukohoa mwaka 2021, na tarehe 9 Agosti 2022, katika hospitali ya Bairnsdale, aliambiwa kwamba mapafu yake yamekuwa magumu na hayatalainika tena. Aliendelea kulea hadi mwezi Machi mwaka huu, alipoanza kutegemea mtungi wa oksijeni, na mtoto wake wa mwisho, wombati, tulimwachia porini kwa pamoja, Mama akiwa ndani ya gari na dirisha limeshushwa. Mwezi Mei aliniambia nimlete Ewan. Alikuja, akasimama mlangoni na kofia mkononi, Mama akamwambia, "Ingia, unatuletea baridi." Ewan akaketi, akasema bila kuulizwa, "Mama Nola, laiti ningengoja ile wiki." Mama alipumua kwanza, maana ilibidi avute pumzi kwa kila maneno machache, akamwambia, "Ungengoja, potoru wangekwisha. Nilijua siku ile, na leo ningesema vilevile, na ningelia vilevile. Wewe hukufanya ila nililokwambia. Kunywa chai."

Marehemu alifariki Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, mbele ya watoto wake wote wawili, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bairnsdale, na hasa muuguzi aliyepanda huku kila Jumanne hata theluji ilipoanguka, inawashukuru majirani wa Wirrabool kwa kuni, supu na magari, inamshukuru Bi Fay, ambaye ndiye aliyemvisha Mama kwa mara ya mwisho, na inawashukuru walezi wenzake wa wanyama waliokuja kutoka mbali, wengine wakiwa na foronya zao shingoni, na hao tunaomba wasione haya kutoka kwenda kuwalisha watoto wao.

Limebaki jambo moja. Mama alichagua mwenyewe watu sita wa kumbeba, na wa sita ni Ewan Prowse. Juzi Ewan alimwambia Rohan kwamba haoni kama inafaa, kwamba watu watakumbuka ndege ile, na leo ameketi nyuma kabisa, karibu na mlango. Ewan, familia haikumweka mtu mwingine. Mpini wa nyuma, upande wa kushoto, hauna mtu, na hatutainua jeneza mpaka uje.

Mama Nola, umefanya kazi yako, pumzika sasa. Tunamngoja kidogo tu.